Uthibitisho wa Mtumaji wa Barua Pepe: Kwa Nini Matangazo Halali Yanaishia Kwenye Taka

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwenye kampuni ya kuongoza watalii jijini Arusha anapokamilisha bei za msimu mpya, jambo la kwanza analolifanya ni kuwaandikia wateja wake wa zamani walioko Ujerumani, Marekani na Uingereza. Barua ni moja, orodha ina majina mengi, na kazi yote humalizika kwa kubofya mara moja. Wiki mbili baadaye hakuna aliyejibu. Hakuna barua iliyorudi, hakuna taarifa ya kosa, na mfumo wake unaonesha kuwa zote zimetumwa. Mfanyabiashara huyo huanza kutilia shaka bei zake, picha zake, hata hali ya uchumi wa nchi za wateja wake, ilhali barua zenyewe zimelala kwenye folda ya barua taka ambako hakuna anayezifungua.

Chanzo kimoja kikubwa cha hali ya namna hiyo ni mabadiliko yaliyotangazwa Oktoba 2023 na kampuni za Google na Yahoo, na kuanza kutekelezwa Februari 2024. Kampuni hizo zilieleza kuwa yeyote anayetuma barua pepe nyingi kwa watumiaji wao atatakiwa kuthibitisha kwamba kweli ndiye mwenye jina analolitumia. Microsoft ilifuata mkondo huo kuanzia tarehe 5 Mei 2025 kwa anwani zinazoishia na outlook.com, hotmail.com na live.com. Kwa kuwa watu wengi duniani wenye barua pepe binafsi wanatumia huduma za kampuni hizo tatu, uamuzi wao umekuwa kama kanuni kwa kila mwenye bidhaa, huduma au tangazo la kufikisha kwa umma, iwe ni hoteli ya Zanzibar, muuzaji wa kahawa wa Moshi, chuo kikuu au taasisi ya umma.

Ili kuelewa mantiki ya masharti hayo, hatuna budi kurejea nyuma. Taratibu zinazoendesha usafirishaji wa barua pepe, zijulikanazo kwa kifupi SMTP, ziliandikwa na mtaalamu Jon Postel na kuchapishwa Agosti 1982. Wakati huo mtandao ulikuwa wa vyuo na vituo vichache vya utafiti, na watumiaji wake walikuwa wakifahamiana. Hakuna aliyeona haja ya kuweka kipengele cha kumuuliza mtumaji kitambulisho. Matokeo yake ni kwamba hadi leo mtu yeyote mwenye ujuzi wa wastani anaweza kutuma barua na kuandika katika sehemu ya mtumaji jina la benki, la wizara au la kampuni yako, na taratibu zile za awali hazitamzuia.

Mtumishi yeyote aliyewahi kufanya kazi masjala atauona upungufu huo mara moja. Barua rasmi ya karatasi ina kichwa cha ofisi, kumbukumbu namba, saini na muhuri, na huletwa na tarishi anayefahamika getini. Barua pepe ya mwaka 1982 haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni bahasha ambayo nyuma yake mtu ameandika jina alitakalo. Kwa miaka zaidi ya 20 iliyopita wataalamu wamekuwa wakijaribu kuirudishia barua pepe yale ambayo karatasi ilikuwa nayo, na jitihada hizo zimezaa nyenzo tatu zinazotajwa kwa vifupisho vya SPF, DKIM na DMARC.

Nyenzo ya kwanza, SPF, ni orodha ya matarishi. Mwenye jina la kikoa, yaani ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, huandika katika mfumo wa majina ya vikoa orodha ya seva zinazoruhusiwa kupeleka barua kwa jina lake. Orodha hiyo iko hadharani na seva yoyote ya kupokea inaweza kuisoma. Barua ikiletwa na seva isiyokuwamo, mpokeaji ana sababu ya kuitilia mashaka. Toleo la kwanza la utaratibu huu lilichapishwa mwaka 2006, na linalotumika sasa ni la mwaka 2014.

DKIM, iliyochapishwa mwaka 2007, inafanana zaidi na lakiri. Seva ya mtumaji huigonga barua saini ya kidijiti kwa kutumia ufunguo wa siri, na ufunguo wa kuihakiki saini hiyo huwekwa hadharani katika kikoa cha mtumaji. Mtu akiibadili barua njiani, hata kwa kuongeza herufi moja katika sehemu iliyosainiwa, lakiri huonekana imevunjika. Ubora wa nyenzo hii ni kwamba haitegemei barua imeletwa na nani. Barua iliyopelekwa kutoka anwani moja hadi nyingine hupoteza ushahidi wa SPF, maana aliyeileta mara ya pili hayumo katika orodha ya matarishi, lakini saini ya DKIM hubaki nayo endapo maudhui hayakuguswa.

Nyenzo ya tatu, DMARC, ilizinduliwa Januari 2012 na kundi la kampuni zilizochoshwa na walaghai waliokuwa wakitumia majina yao, zikiwemo PayPal, Google, Microsoft na Yahoo. Hii ni amri ya mwenye kikoa kwa walinzi wa mageti yote duniani: barua inayodai kutoka kwangu ikikosa uthibitisho, ifanyiwe nini? Majibu ni matatu. Iachwe ipite lakini nipewe taarifa, jambo linaloandikwa p=none; iwekwe pembeni kwenye taka, yaani p=quarantine; au ikataliwe getini kabisa, yaani p=reject. Pamoja na amri hiyo, mwenye kikoa huweka anwani ambako wapokeaji watampelekea ripoti za seva zote zilizotuma barua kwa jina lake. Kwa maoni ya mwandishi, ripoti hizo ndizo zawadi kubwa zaidi ya DMARC, na ndizo zinazopuuzwa kuliko chochote. Ofisi inayozisoma kwa mara ya kwanza hugundua mambo mawili kwa pamoja: kuna wageni wanaotumia jina lake, na kuna mifumo yake yenyewe, labda wa mishahara au wa ankara, ambao ulisahauliwa katika orodha ya matarishi.

Hapa pana kipengele ambacho kimewakwaza watu wengi, hata mafundi wenye uzoefu. Barua pepe ina majina mawili ya mtumaji. Liko linaloonekana na msomaji, na liko lililofichika kwenye bahasha kwa ajili ya kurudishia barua zisizofika. SPF hukagua lile la bahasha. Sasa, kampuni inapotumia huduma ya kutuma matangazo kwa wingi, mara nyingi bahasha hubeba jina la mtoa huduma, huku msomaji akiona jina la kampuni. Ukaguzi wa SPF utafaulu, lakini umefaulu kwa jina la mtu mwingine. DMARC haikubali hali hiyo. Inataka jina lililothibitishwa, ama kwa SPF ama kwa DKIM, lilingane na kikoa anachokiona msomaji. Ndiyo maana mfanyabiashara anaweza kuoneshwa alama za kijani katika mfumo wake wa matangazo na bado barua zake zikakwama. Tiba yake ni kuingia katika mipangilio ya huduma hiyo, kuchukua rekodi za DKIM inazozitoa na kuziweka katika kikoa chake mwenyewe ili saini ibebe jina lake.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini mwetu kwa sababu wafanyabiashara wengi wadogo bado wanatumia anwani za bure zinazoishia na gmail.com au yahoo.com kama anwani za biashara. Kwa mawasiliano ya mtu na mtu hakuna tatizo. Tatizo huanza pale anwani hiyo inapowekwa kama mtumaji katika huduma ya matangazo. Kikoa cha gmail.com ni mali ya Google na cha yahoo.com ni mali ya Yahoo, hivyo mfanyabiashara hana mamlaka ya kuandika orodha ya matarishi wala kugonga lakiri kwa majina hayo. Yahoo iliweka amri ya kukataa barua za namna hiyo tangu Aprili 2014, na Google katika masharti yake mapya imewaonya watumaji wasijifanye kuwa gmail.com. Kusajili jina lako la kikoa, kwa mfano lenye kuishia na .co.tz, ni gharama ndogo ya mwaka ikilinganishwa na safari moja ya mtalii iliyopotea kwa sababu barua haikuonekana.

Masharti yenyewe yamegawanyika kwa ukubwa wa utumaji. Kwa Google, kila anayetuma anatakiwa kuwa na angalau SPF au DKIM, pamoja na seva zenye majina yanayosomeka sawasawa pande zote mbili na njia ya usafirishaji iliyosimbwa. Anayefikisha barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye anwani binafsi za Gmail anahesabiwa kuwa mtumaji mkubwa, naye anatakiwa kuwa na SPF, DKIM na DMARC zote kwa pamoja, ingawa amri ya DMARC inaweza kuanza na p=none. Barua zote za kikoa kimoja hujumlishwa, hata zikitoka katika vikoa vyake vidogo. Aidha, aliyefikia kiwango hicho hata mara moja hubaki katika kundi hilo. Taasisi inayotuma matokeo au majibu ya maombi kwa siku moja ya mwaka na kukaa kimya siku nyingine zote isijidhanie kuwa ni mtumaji mdogo.

Mtumaji mkubwa wa matangazo anatakiwa pia kuweka njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na ombi hilo lishughulikiwe ndani ya siku mbili. Lipo vilevile sharti la malalamiko. Kiwango cha wapokeaji wanaoziripoti barua kuwa taka hakitakiwi kufikia asilimia 0.3, na Google inashauri kibaki chini ya asilimia 0.1. Kwa barua 5,000 zilizofika kwenye kikasha, asilimia 0.3 ni watu 15 tu. Mwenye orodha aliyoinunua mtaani, au aliyokusanya kutoka kwenye kadi za maonesho ya biashara bila kumuuliza mtu, atawapata watu hao 15 kabla ya saa sita mchana.

Je, masharti haya yana tija? Google ilieleza katika tangazo lake la 2023 kuwa baada ya kuanza kudai aina fulani ya uthibitisho mwaka uliotangulia, barua zisizothibitishwa zilizowafikia watumiaji wa Gmail zilipungua kwa asilimia 75. Kwa upande wa serikali, Uingereza ilianza mapema. Mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, HMRC, ambayo jina lake lilikuwa likitumiwa sana na walaghai wanaowaahidi watu marejesho ya kodi, iliweka DMARC na mwishoni mwa mwaka 2016 ikaeleza kuwa ilizuia barua za kilaghai milioni 300 ndani ya mwaka huo. Marekani nayo, kwa agizo la tarehe 16 Oktoba 2017 lijulikanalo kama BOD 18-01, ilizitaka taasisi za serikali kuu kuweka DMARC ndani ya siku 90 na kufikia amri ya kukataa ndani ya mwaka mmoja.

Mfano huo una mafunzo kwetu. Watumishi wa umma nchini wamekuwa wakielekezwa kutumia anwani rasmi zenye kikoa cha .go.tz badala ya anwani binafsi, na Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, GMS, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, uliwekwa kwa madhumuni hayo. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ndiyo iliyoipa Mamlaka hiyo nguvu ya kusimamia jitihada hizi. Mwananchi anapopokea barua yenye kikoa cha Serikali ana haki ya kuamini kuwa imetoka Serikalini. Imani hiyo hujengwa na mtumishi anayetumia anwani rasmi, na hulindwa na rekodi tatu tulizozieleza. Mtumishi anayeendelea kutuma mwaliko au tangazo la zabuni kwa anwani yake binafsi anawazoesha wananchi kuamini anwani yoyote, jambo ambalo mlaghai wa ajira au wa zabuni hulifurahia.

Si kwamba kila anayekosea hana nia njema. Mwandishi wa makala haya aliwahi kushuhudia ofisi moja ikihamisha barua pepe zake kutoka kwa mtoa huduma mmoja kwenda kwa mwingine mwishoni mwa juma. Kila kitu kilionekana sawa. Mialiko ya mkutano wa wadau ilitumwa Jumatatu, na siku ya mkutano ukumbi ulikuwa na viti vitupu kuliko watu. Orodha ya matarishi ilikuwa bado inamtaja mtoa huduma wa zamani. Kosa hilo lilirekebishwa kwa mstari mmoja, lakini chai na vitafunwa vilikuwa vimekwisha kulipiwa.

Kikwazo kingine, ambacho hakina uhusiano na ufundi, ni umiliki. Unapoiuliza kampuni ndogo nani mwenye nywila ya kusimamia jina lake la kikoa, jibu huwa ni kijana aliyetengeneza tovuti, ambaye siku hizi hapatikani kwa simu. Wakati mwingine jina lenyewe limesajiliwa kwa jina la kijana huyo. Bila nywila hiyo hakuna SPF, hakuna DKIM, hakuna DMARC. Kwa hiyo hatua ya awali kabisa ni kuhakikisha kuwa usajili wa kikoa unasomeka kwa jina la kampuni na kwamba watu wasiopungua wawili ndani ya kampuni wanaweza kuufikia.

Baada ya hapo, kazi iendeshwe kwa utulivu. Ziorodheshwe huduma zote zinazotuma barua kwa jina la kikoa, kuanzia barua za kawaida za ofisi hadi mfumo wa ankara, fomu za tovuti na huduma ya matangazo. Rekodi ya SPF iwe moja tu, kwa kuwa rekodi mbili huifanya isisomeke, na isihitaji zaidi ya rejea kumi, kikomo ambacho kampuni zenye huduma nyingi huvuka bila kujua. Kisha iwekwe DKIM kwa kila huduma, na DMARC ianze kwa p=none pamoja na anwani ya ripoti. Wanaokimbilia p=reject siku ya kwanza huishia kuzuia ankara zao wenyewe. Lakini wanaobaki p=none miaka nenda rudi nao wameajiri mlinzi wa kuhesabu wezi. Wiki kadhaa za kusoma ripoti na kurekebisha zinatosha kwa ofisi nyingi ndogo kupanda daraja. Hata kikoa kisichotumika kutuma barua kinahitaji rekodi zinazosema hivyo, kwa sababu walaghai hawabagui.

Ni vyema pia kutambua mipaka ya nyenzo hizi. Uthibitisho ni kitambulisho. Hausemi lolote kuhusu tabia ya mwenye nacho. Mlaghai anaweza kusajili kikoa chake kinachofanana na cha benki kwa herufi moja tofauti, akakiwekea SPF, DKIM na DMARC zilizokamilika, na barua yake ikapita getini bila maswali. Kwa mwananchi, kinga dhidi ya ujanja huo ni kusoma anwani hadi mwisho. Anwani ya Serikali huishia na .go.tz, ile ambayo maneno hayo yako katikati na mwisho wake ni kitu kingine si ya Serikali. Kwa mfanyabiashara, maana yake ni kwamba rekodi humfikisha mlangoni tu, na kinachoamua kama atakaribishwa ndani ni iwapo mpokeaji aliomba barua hizo.

Katika hilo la ridhaa, sheria za nchi zinakwenda pamoja na masharti ya kampuni hizo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazichukulia anwani za watu kuwa taarifa zinazohitaji kulindwa, na inampa mhusika haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa utumaji wa jumbe zisizoombwa na kughushi taarifa za mtumaji kwa nia ya kutenda kosa. Mwenye orodha safi, ambayo kila jina liliingia kwa hiari na linaweza kutoka kwa kubofya, hana cha kuhofia upande wowote kati ya hizo mbili.

Kwa anayetaka kujua hali yake leo, kipimo ni rahisi na hakina gharama. Atume barua moja kupitia huduma yake ya matangazo kwenda kwenye anwani yake ya Gmail, aifungue kwa kompyuta, kisha katika orodha ya machaguo ya barua hiyo aombe kuoneshwa ujumbe wa asili. Juu ya ukurasa utakaofunguka yataonekana majina SPF, DKIM na DMARC, kila moja na matokeo yake. Panapooneka kushindwa, au jina lisipokuwepo kabisa, ndipo pa kuanzia. Mabadiliko ya rekodi za kikoa huweza kuchukua dakika chache au hadi saa 48 kuenea katika mtandao, hivyo marekebisho yafanyike siku kadhaa kabla ya kutuma bei za msimu, na kipimo kirudiwe kabla ya kubofya.